Laini mbili, ruta moja: miezi 19 na MikroTik hEX hapa Moshi

Nina nyumba ya wageni ya vyumba 11 hapa Shantytown, Moshi, na chumba cha mbele nimekifanya ofisi ndogo inayopeleka watu Mlima Kilimanjaro. Mgeni akishuka kwenye gari huuliza mambo mawili kabla hajavua viatu: kama maji ya moto yapo, na neno la siri la waifai ni lipi. La maji nililimaliza siku nyingi. La waifai limenila miaka, na ninaandika haya kwa ajili ya mwenye hoteli, zahanati, shule au ofisi ambaye tayari analipia kampuni mbili za intaneti na bado anakwama laini moja ikifa. Ruta ninayoizungumzia ni MikroTik hEX, ile yenye namba RB750Gr3. Niliinunua Januari 2024 na imefanya kazi mfululizo tangu hapo.

Agosti 2023, msimu umechanganya. Wageni tisa wanapanda kesho yake kupitia Machame, na jioni ile nilikuwa na malipo ya hifadhi ya kukamilisha. Namba ya malipo ilishatoka, kilichobaki ni kuingia benki kwa mtandao. Intaneti ikazima. Sikushtuka, kwa sababu nilikuwa na laini mbili: faiba ya megabiti 30 kwa sekunde, na antena ya megabiti 10 juu ya paa kutoka kampuni nyingine kabisa. Ruta niliyokuwa nayo wakati huo, ya chapa nisiyoitaja, iliandikwa kwenye boksi lake kwamba laini ya kwanza ikikatika inahamia ya pili yenyewe. Nikangoja. Dakika tano, kumi, arobaini. Taa zote za kijani. Nikapiga simu kampuni ya faiba, kijana akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, huku kwetu unaonekana uko hewani."

Na alikuwa anasema kweli. Modemu yangu ilikuwa inaongea vizuri na mtambo wao wa hapa mjini. Kilichokatika kilikuwa mbele zaidi, huko njiani. Ruta yangu ilikuwa inaiuliza modemu iliyo nayo juu ya rafu moja, "upo?", modemu inajibu "nipo", basi ruta inaridhika na kuendelea kuzitupa pakiti zote, yaani vipande vya data, kwenye laini isiyofika popote. Antena juu ya paa, niliyoilipia mwezi mzima, imekaa haina kazi. Ni sawa na dereva wa basi anayeuliza kama geti la stendi liko wazi, akishajibiwa ndiyo anaondoa gari, wala haulizi kama daraja la mbele limebebwa na maji. Mwishowe nilichomoa waya wa faiba kwa mkono, na ndani ya dakika moja kila kitu kikarudi kupitia antena. Malipo yalipita saa tatu usiku. Wageni hawakujua lolote. Mimi sikulala.

Ndiyo sababu nikiulizwa swali la kwanza la mtu mwenye laini mbili, sijibu kwa kutaja kasi wala bei. Namwuliza: ruta yako inajuaje kwamba laini imekufa? Kama hajui jibu, laini ya pili anailipia bure siku nyingi za mwaka.

hEX yenyewe ni kijisanduku kinachoingia kwenye kiganja. Kina matundu matano ya waya, yote ya gigabiti moja, prosesa ya megahezi 880 na kumbukumbu ya megabaiti 256. Hakina waifai, kwa hiyo vile vifaa vya kurusha waifai kwenye korido unavinunua kando. Kampuni iko Riga, Latvia, ilianza 1996, na programu yake inayoitwa RouterOS ni ileile kwenye kifaa cha bei ya chini na kwenye mitambo mikubwa ya watoa huduma. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niichague: mafundi wengi wa mitandao wa Arusha na Moshi wameshaizoea kazini kwao, na mimi sikutaka kifaa ambacho fundi wake yuko Dar.

Nilikinunua Arusha, duka la vifaa vya kompyuta karibu na Mnara wa Saa, kwa shilingi 210,000. Fundi niliyempata ni kijana wa Majengo, alinitoza 150,000 kwa siku mbili, na nitasema mapema kwamba sehemu kubwa ya sifa ninazozitoa hapa ni zake. Kifaa hiki kikitoka kwenye boksi kinajua laini moja tu. Mengine yote unakifundisha.

Alivyokifundisha kutambua laini iliyokufa ndivyo hivi. Badala ya kuibishia hodi modemu iliyo mezani, ruta inapiga hodi kwa jirani wa mbali kabisa duniani, lakini kila laini na jirani wake. Kupitia faiba inaipigia hodi anwani 1.1.1.1 ya Cloudflare, na kupitia antena inaipigia 9.9.9.9 ya Quad9, zote mbili seva za umma. Njia kuu ya kwenda intaneti inaandikwa kwamba inategemea huyo jirani wa mbali, siyo modemu. Hodi inapigwa kila sekunde 10, na zikikosa jibu mbili mfululizo, njia ile inafutwa na ya pili inashika. Nilisimama na saa mkononi tukajaribu: tukazuia hodi kwa makusudi, na kabla sekunde 30 hazijaisha redio ya intaneti ya pale mapokezi ikaanza kuimba tena. Niliona kama nimeona muujiza, ingawa kijana aliniambia, "Mama, hii ni mistari minne tu."

Kuna mtego hapo ambao tuliuingia, na ninautaja kwa sababu nimeuona kwa watu wengine wawili tangu hapo. Mwanzoni jirani wa faiba tulimchagua 8.8.8.8 ya Google, na wakati huohuo anwani hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inatumiwa na simu za wageni kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Sasa anwani ya kupigia hodi inafungwa kwenye laini moja, kwa lazima, la sivyo hodi ingepitia laini ile nyingine iliyo hai na kuidanganya ruta kwamba mgonjwa amepona. Faiba ikafa, ruta ikahamia antena sawasawa, lakini simu zote za wageni zikaendelea kuiuliza 8.8.8.8, ambayo njia yake imefungwa kwenye faiba iliyokufa. Intaneti ipo, tovuti hazifunguki. Anwani ya kupigia hodi isiwe na kazi nyingine yoyote nyumbani kwako.

Na usitumie pia anwani za kutafsiri majina ulizopewa na kampuni moja wapo. Kampuni nyingi huzifunga zisijibu mtu anayetokea nje ya mtandao wao. Ukihamia laini ya pili ukabaki na anwani za kampuni ya kwanza, umehama nyumba na kuacha daftari la namba za simu kule ulikotoka. Sisi ruta yenyewe ndiyo inayojibu, na yenyewe inauliza anwani za umma zinazofikika kwa laini zote.

Baada ya miezi miwili nikataka zaidi. Nilikuwa nalipia megabiti 10 za antena zikae zikisubiri msiba. Nikamwambia kijana azitumie laini zote kwa pamoja, wageni wagawanywe. MikroTik ina njia ya kufanya hivyo inayoitwa PCC: ruta inatazama anwani za kila mazungumzo mapya, inafanya hesabu, na kuyapeleka kwenye fungu moja. Faiba ikiwa na 30 na antena 10, tulitengeneza mafungu manne, matatu yakaenda faiba na moja antena. Elewa hapa, maana wauzaji husema vingine: hupati laini moja ya megabiti 40. Mgeni mmoja akipakua filamu moja atapata 30 au 10, hatapata jumla. Faida unaiona watu wakiwa wengi, kama jioni wanaporudi kutoka mlimani na kila mmoja ana picha mia tatu za kutuma.

Siku ya pili tu mhasibu wangu akaja amekunja uso. Tovuti ya benki inamtoa nje kila anapobofya ukurasa wa pili. Aingie tena, namba ya siri tena, atolewe tena. Kumbe hesabu ile ilikuwa inatazama anwani ya mtumaji na ya mpokeaji kwa pamoja, na tovuti moja ya benki huwa na seva zaidi ya moja nyuma yake. Ukurasa wa kuingia umepitia faiba, ukurasa wa malipo umepitia antena, benki inaona mtu mmoja anatokea nyumba mbili kwa dakika moja, inafunga mlango. Benki haina kosa, hata mimi ningefunga. Tulibadilisha hesabu itazame anwani ya mtumaji peke yake, ili kompyuta ya mhasibu ikae laini moja siku nzima, simu ya mgeni wa chumba namba 4 nayo ikae ya kwake. Mgawanyo unakuwa si sawa kabisa, mgeni mwenye matumizi makubwa anaweza kuangukia antena na kuwabana wenzake, lakini nakubali hilo kwa moyo mweupe. Juu yake tuliongeza orodha ya anwani, za benki na za malipo ya serikali, ambazo daima hupitia faiba maadamu iko hai.

Halafu likaja tatizo ambalo lilimchukua kijana usiku mzima. Kurasa zinafunguka nusu. Picha moja inaonekana, ya pili inazunguka. Ukijaribu tena, inakubali. Kosa lilikuwa katika kitu kinachoitwa FastTrack, ambacho hEX hutoka nacho kiwandani kimewashwa. Kazi yake ni kuharakisha: mazungumzo yakishatambulika, pakiti zinazofuata zinarukishwa zile hatua za ukaguzi. Lakini zile hatua zinazorukwa ndizo zenye alama zinazosema pakiti hii ni ya faiba, hii ni ya antena. Pakiti ya kwanza inapigwa alama inaenda antena, ya tano imerukishwa, haina alama, inaenda faiba ikiwa imevaa anwani isiyo ya huko. Dawa ni kuyatoa mazungumzo yenye alama nje ya FastTrack. Kwa megabiti 40 za kwangu prosesa haikuhisi chochote. Mwenye gigabiti nzima atahisi, na huyo anunue kifaa kikubwa zaidi.

Nyongeza nyingine kwa mtu atakayefuata maelezo aliyoyakuta mahali: RouterOS toleo la 7 limebadilisha sehemu hii. Toleo la 6 ulikuwa unaandika alama ya njia na inafanya kazi. Toleo la 7 lazima kwanza uunde jedwali la njia kwa jina lake, ndipo alama ikubali. Maelezo mengi yanayozunguka bado ni ya toleo la 6. Uliza kwanza yanahusu lipi.

Kamera. Nina kamera mbili, moja getini na moja kwenye stoo ya mahema, na kaka yangu aliye Mwanza huzitazama nikiwa mlimani. Alikuwa akizifungua kupitia anwani ya faiba, vizuri. Tulipotaka azifungue na kwa antena, kijana alinionya: hodi yake ikiingia kwa mlango wa antena, kamera itajibu, na ruta italitoa jibu kupitia faiba kwa sababu ndiyo njia kuu. Simu ya kaka italetewa jibu kutoka kwa mtu isiyemjua, italitupa. Mara nyingi jibu la namna hiyo halifiki hata huko, maana watoa huduma makini hawaruhusu pakiti itoke kwao ikiwa na anwani isiyo yao, desturi iliyoandikwa tangu mwaka 2000 ili kuzuia watu kughushi anwani. Kwa hiyo kila mazungumzo yanayoingia yanapigwa alama ya mlango yalioingilia, na jibu linarudi kwa mlango uleule. Mgeni aliyebisha mlango wa nyuma unamfungulia wa nyuma.

Tulipomaliza hilo tukagundua antena haina mlango wa nje kabisa. Anwani yake inaanza na 100.64, ambayo ni ya lile kapu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kutoka unatoka, kuingia huwezi. Tuliishia kutumia WireGuard, iliyomo ndani ya RouterOS 7 bila malipo ya ziada: ruta yenyewe inatoka nje na kuchimba njia ya siri hadi seva ndogo niliyoikodi, na kaka anaingilia hapo. Laini ikibadilika, njia ile inajiunga upya yenyewe. Mwenye kuuza laini ya pili mwulize mapema kama utapewa anwani ya umma. Wengi hulitambua swali hili, na wengi hutoza kwa mwezi.

Sasa mambo ambayo kifaa hiki hakiyawezi, kwa sababu nimeulizwa sana na wenzangu wa hoteli.

Mgeni akiwa kwenye simu ya WhatsApp au kikao cha video wakati laini inahama, itakatika au itaganda sekunde kadhaa. Hakuna kitu unachoweza kujenga ndani ya nyumba kikazuia hilo, kwa sababu anwani unayovaa nje ni ya kampuni, si yako. Ukihama laini unabadilika jina, na aliyekuwa anaongea nawe anamwona mgeni. Mabenki na vyuo vikuu hulitatua kwa kuchukua anwani zao wenyewe na namba ya mtandao kutoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, lenye makao Ebene, Mauritius, kisha kuzitangaza kupitia kampuni zote mbili kwa lugha ya BGP, dunia nzima ikajua kwamba nyumba ile ina barabara mbili. Niliuliza kama ningeweza. Fungu dogo kuliko yote linalopokelewa na mitandao ya dunia ni la anwani 256, na mimi nahitaji moja. Kila anayejitangaza hivyo anaongeza mstari kwenye jedwali ambalo ruta kubwa za dunia zinalibeba. Agosti 2014 jedwali hilo lilivuka mistari 512,000 na ruta za zamani zikaishiwa nafasi, tovuti zikayumba sehemu nyingi. Leo ni karibu milioni moja. hEX inaijua BGP, lakini kwa kumbukumbu yake ya megabaiti 256 haiwezi kulibeba jedwali zima. Na hata ukifika huko, unachoamua kirahisi ni pakiti zako zitoke wapi. Zitakazoingia zinachaguliwa njia na watu walio mbali nawe. Nililiacha.

Laini inayokufa na kufufuka ni mbaya kuliko iliyokufa. Aprili 2024, mvua za masika, faiba ilikuwa inakata sekunde 40, inarudi dakika mbili, inakata. Ruta yetu mtiifu ilihama na kurudi, ikahama na kurudi, na kila safari inakata simu za watu. Wageni wakasema heri ya jana. Kijana akaja na kuweka sharti: ikihama faiba, isiirudie mpaka imejibu hodi dakika tano mfululizo. Na kwa kuwa kuna siku laini haifi bali inapoteza pakiti moja kati ya tano, hodi za kawaida zinapita na huduma ni mbovu, alitumia kile kipimaji kinachoitwa Netwatch, ambacho kwenye toleo la 7 kinaweza kuhesabu asilimia ya hodi zilizopotea. Zikizidi kiwango tulichoweka, tunaihesabu laini ni mgonjwa.

Pia kulikuwa na simu ya mezani ya mapokezi, inayotumia intaneti. Kila laini ikihama, kompyuta zote zinapona, simu ile inabaki bubu mpaka mtu aizime ruta na kuiwasha. Sababu ni kwamba ruta ina daftari la mazungumzo yanayoendelea, na kila mazungumzo yameandikwa anwani yaliyovishwa tangu mwanzo. Simu ya mezani haiachi kujitambulisha kwa seva yake, kwa hiyo mazungumzo yake hayazeeki yakafutwa, yanabaki na anwani ya laini iliyokufa. Sasa laini ikihama, ruta inafuta kurasa za daftari za laini ile. Hili halikuwa kwenye maelezo yoyote tuliyoyafuata mwanzoni. Kijana alilitambua kwa kukaa pale mapokezi na kutazama.

Laini mbili zinaweza kuwa moja yenye bili mbili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya kusini mwa Afrika siku hiyohiyo, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika nchi nzima. hEX ilifanya kila ilichofundishwa, lakini laini zote mbili ziliishia kwenye tatizo moja. Dhidi ya bahari sina dawa. Dhidi ya nguzo ninayo: nilipochagua laini ya pili nilikataa faiba nyingine, ingawa ilikuwa nafuu, kwa sababu ingepita kwenye nguzo zilezile za mtaa wetu, na lori moja lingezikata zote. Antena inatoka paani kwenda mnarani. Udhaifu wake ni mgrevilea wa jirani, unaokua kwa kasi, na majani yakilowa masika ishara inashuka. Kila mwaka namwomba mzee ruhusa ya kupunguza matawi, nampelekea na ndizi.

Umeme ukikatika, kifaa hiki kinapokea volti 8 hadi 30, kwa hiyo kinakaa juu ya betri ya volti 12 pamoja na modemu ya faiba, bila kupitia inveta. Jambo hili dogo nalipenda kuliko kasi yake.

Usalama usiusahau. Mwaka 2018 kulikuwa na tundu la kiusalama kwenye Winbox, programu ya kuiongozea ruta hizi. Lilizibwa Aprili mwaka ule, lakini ruta nyingi duniani ambazo wenyewe hawakusasisha zilivamiwa. Mwambie fundi aifunge milango ya uongozi isifikike kutoka nje, na kwenye laini ya pili pia. Nimekuta ofisi moja ambayo kanuni zote za ulinzi ziliandikwa kwa faiba, halafu laini ya pili ikaongezwa baadaye bila mlinzi.

Kwa mtu asiye na fundi wa karibu simshauri hEX. Jirani yangu wa Rau ana TP-Link ER605, yenye matundu matano ambayo kadhaa yanaweza kuwa ya intaneti, na mambo ya kuhama laini na kuwaweka watu kwenye laini moja yamo kwenye kurasa zake tayari, unaweka tiki. Niliishika wiki mbili alipokuwa safarini. Haiendi mbali kama hii katika masharti ya aina ya ile dakika tano, lakini mtu anaiweka mwenyewe Jumamosi mchana akamaliza. Na ukienda dukani kuulizia hEX sasa, tazama namba: lipo toleo jipya, E50UG, linalobeba jina hilohilo na lina kumbukumbu ya megabaiti 512. Bei zikikaribiana chukua hilo.

Kwangu mimi naipa nyota nne na nusu. Ile nusu inabaki kwa sababu kifaa kinachouzwa kwa watu wa ofisi ndogo hakina ukurasa mmoja wa kusema "nina laini mbili" kikakuuliza maswali matano na kujipanga. Wiki iliyopita faiba ilikata saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa nne asubuhi. Nililijua hilo nilipofungua kumbukumbu za ruta mchana, baada ya kundi la Lemosho kuwa limeshaondoka, malipo yao yamepita na gari limevuka Boma Ng'ombe.